Nishani ya Mzee Kalenda

Baada ya vikao vya dharura vilivyochukua miezi minne, Chama cha Mawakili kiliutangazia umma, kwa furaha isiyo na kifani, kwamba Nishani ya Utumishi Uliotukuka kwa Taaluma na Jamii, Daraja la Kwanza, ingetunukiwa wakili mwandamizi wa mashauri ya biashara. Jina lake lilichapishwa kwenye tangazo kwa herufi nene. Hakuna aliyelisoma. Kuanzia majaji mpaka wauza magazeti wa langoni, wote walimwita Mzee Kalenda.

Jina hilo halikumuudhi hata kidogo. Kesi ikisogezwa mbele watu husema imepigwa kalenda, na katika miaka thelathini na moja hakutokea mtu wa kupiga kalenda kama yeye. Kampuni kubwa zilimfuata kwa kipaji hicho. Hakuwahi kushindwa kesi hata moja. Hakuwahi kushinda pia, lakini wateja hawakulalamika, kwa kuwa kesi isiyosikilizwa haina mshindi wala mshindwa, ina amani tu, na amani ni jambo jema.

Utumishi wake kwa taaluma ulijulikana. Alikaa kwenye kamati kumi na nne, ikiwemo Kamati ya Kuratibu Kamati, na aliandika Mwongozo wa Maombi ya Tarehe, kijitabu chenye jalada la kijani ambacho mawakili vijana hutembea nacho mfukoni. Kuhusu utumishi kwa jamii, yeye ndiye aliyechangia mabenchi matatu kwenye korido ya Mahakama ya Biashara. Zamani jamii ilikuwa inasubiri imesimama. Sasa inasubiri imekaa.

Kulikuwa na jambo moja tu la kuzingatia, nalo ni muda. Nishani hiyo hupewa wakili aliye kazini, na Mzee Kalenda alikuwa anastaafu tarehe thelathini na moja. Sherehe ilipangwa tarehe thelathini. Ikipita hapo, nishani ingekwenda kwa mwingine, na yeye angerudi nyumbani kama mtu aliyekaa kwenye foleni maisha yake yote na dirisha likafungwa usoni pake. Aliitaka nishani ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na ukutani sebuleni alikuwa ameshapigilia msumari.

Kabla ya sherehe, kanuni zilitaka jambo dogo la kukamilisha taratibu. Kanuni ya Kumi na Mbili ilisema kwamba mtu yeyote, awe na sababu au asiwe nayo, anaweza kupinga utoaji wa nishani. Kwamba nishani haitatolewa mpaka pingamizi lisikilizwe. Na kwamba mpingaji akiomba tarehe nyingine, atapewa. Kanuni hiyo iliandikwa na Mzee Kalenda mwenyewe miaka minane nyuma, mshindani wake fulani alipokaribia kuvishwa nishani hiyohiyo. Mshindani yule bado anasubiri, na husalimia vizuri tu wakikutana kwenye lifti.

Jopo la Mapingamizi lilikaa Jumatatu tarehe nane kwenye ukumbi mdogo wa Chama, penye meza ndefu, jagi la maji na feni iliyokuwa inazunguka kwa kujifikiria. Lilikuwa jopo la watu watano, ila wanne walikuwa wameomba udhuru tangu siku lilipoundwa. Aliyebaki ni mwenyekiti, mama mmoja mwembamba, mkimya, jaji wa Mahakama ya Biashara. Karani aliuliza kama kuna mwenye pingamizi, kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda kunywa chai, na mlango ukafunguliwa.

Aliingia mwanamke wa makamo, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, miwani imeteremka puani. Mzee Kalenda alihisi amewahi kumwona mahali, kama unavyomkumbuka mtu wa foleni ya benki. Kusema kweli alikuwa amemwona kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa fundi cherehani, mdai katika shauri dhidi ya kampuni moja ya maghala, na kampuni ile ilikuwa mteja wa Mzee Kalenda. Kampuni ilijenga ukuta mbele ya mlango wa karakana yake, karibu kiasi kwamba kati ya ukuta na mlango ilibaki njia ya kupita ubavu tu. Tangu siku hiyo Fundi amewashonea watu wembamba. Wanene husimama nje kwenye mdomo wa upenyo, yeye akawaangalia kwa mbali na kukisia.

Karani alisoma pingamizi lake. Lilikuwa sentensi moja: "Huyu mzee hajawahi kumsaidia mtu yeyote."

Mzee Kalenda alitabasamu, akaomba pingamizi lisikilizwe palepale na litupwe. Lakini Fundi alikuwa ameshasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba tarehe nyingine. Sijapata maelekezo ya mteja wangu."

"Mteja wako ni nani?"

"Ni mimi mwenyewe."

"Na hukupatikana?"

"Nilijitafuta, Mheshimiwa. Nilikuwa na kazi nyingi."

Jaji aliisoma Kanuni ya Kumi na Mbili mara mbili, akaigeuza karatasi kuona kama kuna la ziada nyuma, akatoa tarehe kumi na tano.

Tarehe kumi na tano Fundi alisema shahidi wake anaumwa. Na hapo Mzee Kalenda alifanya kosa ambalo asingelifanya mtu mwingine yeyote duniani. Mtu mwenye akili timamu angepinga. Yeye alisikia ombi la tarehe lililosukwa vibaya, na roho yake ya ufundi haikuvumilia. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Kwa ruhusa ya Jopo. Ombi la mwenzangu halijakaa sawa. Ugonjwa unadai cheti cha daktari, na cheti kinaweza kuhojiwa. Angesema shahidi amesafiri. Safari haina cheti."

Jaji aliinua macho. "Wakili, unampinga au unamsaidia?"

"Naitetea taaluma, Mheshimiwa."

Fundi aliandika maneno yale kwenye daftari la vipimo, akashukuru, akasimama upya. "Shahidi wangu amesafiri, Mheshimiwa." Akapewa tarehe ishirini na mbili.

Tarehe ishirini na mbili jalada lake likawa halionekani. Lilikuwa limesahaulika nyumbani, alisema, na nyumbani kumefungwa, na mwenye ufunguo ndiye yule aliyesafiri. Ombi lilikuwa safi, halina mshono unaoonekana, na Mzee Kalenda alijikuta anatikisa kichwa kwa kuridhika kabla moyo haujamshtuka. Maelekezo hayakupatikana. Shahidi amesafiri. Jalada halionekani. Ilikuwa sura ya pili ya Mwongozo wake, kwa mpangilio uleule. Mwanamke huyu alikuwa amekaa miaka kumi na tisa kwenye benchi la korido akisikiliza, bure, mafunzo ambayo wengine huyafuata chuoni. Jaji alikuwa ametoa tarehe ishirini na tisa. Zilibaki siku nane, na sura ya pili ilikuwa na maombi arobaini.

Alimfuata kwenye ngazi. Alimwita mama, akamuuliza kwa upole anataka nini hasa.

"Kesi yangu ina tarehe thelathini na moja," Fundi alisema. "Nataka siku hiyo isipigwe kalenda. Basi."

Hapo Mzee Kalenda alikwama. Tarehe ile aliichagua mwenyewe, kama zawadi ya kumuaga mteja wake. Siku ya mwisho ya utumishi wake angeiarifu mahakama kwamba anastaafu, kwamba wakili mpya atahitaji muda wa kusoma jalada la miaka kumi na tisa, na wakili mpya akiwa msomaji wa polepole, kampuni ingepata amani ya miaka mingine mitano. Alimweleza Fundi kwamba maadili ya kazi hayamruhusu kumnyima mteja tarehe. Aliyasema kwa uchungu wa kweli, maana maadili aliyaheshimu.

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga. Alisema daktari wa macho amempa miaka miwili, mitatu akijitunza, kisha hataweza tena kutunga uzi kwenye sindano. Alitaka kuufungua mlango wake wakati bado ana kazi ya kufanya ndani. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama anavyomwambia mteja kwamba kitambaa hakitatosha.

"Basi tutaonana Jumatatu, wakili," alisema, akashuka ngazi taratibu akishikilia ukingo.

Nyumbani, Jumamosi, mkewe alikuwa mbele ya kioo akijaribu gauni la sherehe. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke wa mwili wake, na hakuwa na desturi ya kumhurumia mtu anayejihurumia. Gauni lilimkaa vizuri mabegani, ila kiunoni lilipwaya, angeweza kuficha humo mto mdogo. Mzee Kalenda aliuliza ni fundi gani aliyeharibu kitambaa kizuri namna ile.

"Hajaharibu. Anashona vizuri kuliko wote mjini, ila siwezi kuingia kwake. Kuna ukuta. Alinipima kwa macho, nimesimama barabarani." Mkewe aligeuka. "Ukuta wako huo, mzee."

"Siyo wangu. Ni wa mteja."

"Mteja ameujenga. Wewe ndiye umeushikilia usianguke."

Mzee Kalenda alisema suala hilo liko mahakamani na hawezi kulizungumzia. Usiku ule, na uliofuata, hakupata usingizi.

Jumatatu tarehe ishirini na tisa alifika mapema, amevaa suti yake bora, na alikaa akimtazama karani kama anavyotazamwa mtu anayegawa dawa. Fundi alisimama kuomba tarehe ya nne. Alisema anatakiwa siku hiyohiyo mahakama ya juu zaidi. Na Mzee Kalenda, ambaye angeweza kuchambua ombi lile vipande vipande, aliusahau Mwongozo wake wote. Alisimama bila karatasi.

"Mheshimiwa, naomba nisikilizwe. Mtu akiambiwa subiri bila kuambiwa mpaka lini, ameshaadhibiwa kabla ya kesi yake kuanza. Anaamka, anavaa nguo zake nzuri, anakuja, anaambiwa rudi. Nyumbani wanamuuliza vipi, hana la kuwajibu. Mimi nimepata haya kwa wiki tatu tu na silali, chakula hakipiti. Huyu anayeomba tarehe hatafuti muda, anamchezea mwenzake. Naomba Jopo liseme wazi, leo, kwamba hakuna mtu, mkubwa wala mdogo, mwenye ruhusa ya kumzeesha mwenzake kwa kumngojesha."

Alijifuta macho kwa mkono. Machozi yalikuwa ya kweli, na katika miaka thelathini na moja ilikuwa mara yake ya kwanza kusema jambo mbele ya jaji huku akilimaanisha.

Jaji, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameandika neno "imeahirishwa" mpaka mkono ukalijua wenyewe, alimwomba arudie sentensi ya mwisho taratibu ili ainakili. Kisha akatoa uamuzi kwamba hoja za wakili mwandamizi ni nzito, Jopo linazikubali zote, haki ya kusikilizwa ni kubwa kuliko Kanuni ya Kumi na Mbili, na mwombaji wa tarehe lazima atoe sababu ya kweli au aendelee. Alimgeukia Fundi, akamwambia aendelee.

"Nilisema hajawahi kumsaidia mtu," Fundi alisema. "Mpaka asubuhi ya leo ilikuwa kweli. Naliondoa pingamizi langu, Mheshimiwa."

Karani alileta Fomu Namba Saba, Uthibitisho wa Mwanajamii Aliyenufaika, ambayo ilikuwa haijawahi kujazwa, na Fundi akaijaza. Penye "eleza ulivyonufaika" aliandika: "Amenisemea." Kisha aliomba nakala ya uamuzi yenye mhuri. Mhuri wa Chama ulikuwa umefungiwa kabatini, lakini Mzee Kalenda, kwa furaha aliyokuwa nayo, angeweza kumkumbatia hata karani. Alitoa mhuri wake wa uwakili mkobani, akaugonga mwenyewe kwenye nakala, akathibitisha kwa saini kwamba ni sahihi, akamkabidhi Fundi kwa mikono miwili.

Sherehe ilifana. Mshereheshaji alisoma kwamba nishani inatolewa kwa mwanasheria aliyepigania haki ya kila mtu kusikilizwa bila kupigwa danadana. Mawakili mia mbili, ambao maisha yao yote yalitegemea danadana, walipiga makofi kwa ncha za vidole. Safu ya mbele alikaa Mkurugenzi wa kampuni ya maghala, bwana mkubwa kwa cheo na kwa umbo. Alipiga makofi mawili, la tatu likabaki hewani. Mkewe Mzee Kalenda ndiye peke yake aliyesimama, ameshika gauni kiunoni.

Asubuhi ya tarehe thelathini na moja, kwenye Mahakama ya Biashara, shauri liliitwa mbele ya jaji yuleyule. Mzee Kalenda alisimama na nishani kifuani, akaieleza mahakama kuhusu kustaafu kwake. Jaji alimwacha amalize. Kisha akainua karatasi aliyokuwa ameletewa na mdai, akasoma kwa sauti kwamba hakuna mtu, mkubwa wala mdogo, mwenye ruhusa ya kumzeesha mwenzake kwa kumngojesha.

"Mhuri huu ni wako, wakili?"

"Ni wangu, Mheshimiwa."

"Na saini?"

"Yangu."

"Basi twende kwenye utetezi."

Mzee Kalenda alifungua jalada. Lilikuwa nene, zito, limefungwa kwa kamba mbili. Alipekua. Mlikuwa na maombi ya tarehe mia moja na saba, yote yake, mengine mazuri sana. Utetezi haukuwemo. Hakuwahi kuuandika, maana haikuwahi kufika siku ya kuuhitaji. Aligeuka, na Mkurugenzi aliyekaa nyuma yake akamnong'oneza kwa hasira aseme njia ipo. Akasema. Njia ipo, Mheshimiwa, tena inatosha, mtu yeyote anapita.

Jaji alifunga faili. "Tukaone."

Saa tano mahakama nzima ilikuwa imesimama kwenye mdomo wa upenyo, ukuta wa ghala upande mmoja na karakana upande mwingine. Fundi aliingia ubavu bila kufikiri, kama mtu anavyovaa kandambili zake. Jaji alimfuata, akachafua joho begani kidogo, akapewa kigoda karibu na cherehani. Karani alipita. Mzee Kalenda alibaki nje kwa sababu ya nishani, ambayo ingekwaruzika.

"Ndugu Mkurugenzi," Jaji aliita kutoka ndani, "wewe ndiye unayesema mtu yeyote anapita. Mahakama inakusubiri."

Mkurugenzi hakuwa mtu wa kurudi nyuma mbele ya wafanyakazi wake, na wafanyakazi walikuwa wameshapanda juu ya makasha kuangalia. Alivua koti, akampa wakili wake alishike. Alivuta pumzi, akaingia. Hatua tatu za mwanzo zilimtia moyo. Ya nne ilikuwa ngumu. Baada ya ya tano hakukuwa na ya sita. Alijaribu kurudi, tumbo likakataa. Akabaki hapo, kidevu kimeelekea mlangoni kwa Fundi, vifungo vya shati vikikwangua matofali ambayo yeye mwenyewe aliidhinisha yanunuliwe.

Jaji aliandika kwa muda mrefu. "Mahakama imeona," alisema.

Zikapita dakika kumi. Walijaribu kumvuta mkono, wakajaribu kumsukuma, mtu mmoja akapendekeza sabuni. Mwishowe Mkurugenzi alisema, kwa sauti ndogo ya mtu anayeogopa kuvuta pumzi, kwamba kampuni haina tena haja na ukuta. Waleteni mafundi wa ghalani na nyundo.

Jaji alifungua shajara yake, akapitisha kidole kwenye kurasa. Alisema makubaliano ya aina hiyo yanaweza kuandikwa kuwa amri, na nafasi ya karibu aliyonayo ni baada ya miezi mitatu, isipokuwa wakili awe na ombi.

Mkurugenzi alimtazama wakili wake kwa jicho moja, ndilo pekee lililoweza kugeuka. Mzee Kalenda aliweka koti la mteja begani. Alifungua mdomo, na alichokisikia kikitoka kilimshangaza yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

"Naomba shauri limalizwe leo, Mheshimiwa. Sasa hivi, ikiwezekana."

"Lazima kwanza nimsikilize mdai," Jaji alisema, akageuka kwenye kigoda. "Mama, unasemaje?"

Kwa miaka kumi na tisa ya kwenda mahakamani, hakuna aliyewahi kumuuliza Fundi swali hilo. Mzee Kalenda, akichungulia kupitia nafasi ndogo iliyobaki juu ya bega la Mkurugenzi, aliona kwamba mama yule analia na kucheka pamoja, na akaona haya mpaka masikioni. Kisha Fundi alijifuta uso, akavaa miwani, akavuta suruali iliyokuwa kwenye cherehani na kuiweka sawa chini ya sindano.

"Sina pingamizi, Mheshimiwa," alisema. "Naomba tu nimalizie upindo huu. Mwenye suruali nilimwambia ataipata leo, na mimi nikisema leo huwa ni leo."